Wanafunzi Wangu wa Kiuyu

Nilikwenda Pemba kupiga picha chuo ambacho hakikuwahi kuwapo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali nisipostahili.

Safari yenyewe ilianzia Marekani, katika mji mdogo nisioujua ila kwa jina. Huko ipo maktaba ya urithi wa Wajerumani waliohamia nchi ile. Haikuanzishwa na serikali. Wajukuu wa wahamiaji walichoka kuona masanduku ya babu zao yakitupwa jaani, wakayakusanya katika jengo lililokuwa kanisa: barua, orodha za abiria wa meli, picha za harusi, daftari za mapishi. Kila sanduku likapewa namba na kila kilichomo kikaandikiwa kadi. Bi Greta, mama mtu mzima anayejitolea pale siku tatu kwa wiki, aliniandikia wakati mmoja kwamba wana kanuni moja tu: hakitupwi kitu mpaka ajulikane aliyekipenda.

Katika sanduku mojawapo walikuta kijitabu cha herufi za Kiarabu. Mwenye sanduku alikuwa karani wa kampuni ya karafuu huku kwetu, kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, lakini kwao alijifunza ufundi wa kujalidi vitabu. Kadi ya kijitabu ilisema: "Jalada zuri la ngozi, kazi ya mkono ya mwenye sanduku. Yaliyomo hayajulikani." Ndani yake palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa Kiuyu, Pemba, basi.

Sasa niingie mimi. Mimi ni karani wa nyaraka mstaafu, wa Unguja. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kufunga mafaili kwa kamba na kuyafungua yakitakiwa. Nilipostaafu nilijichapishia kadi zenye maneno "Mtaalamu wa Maandishi ya Kale". Cheo hicho nilijipa mwenyewe, na hakuna aliyekipinga kwa sababu hakuna aliyeuliza. Mgeni mmoja aliichukua kadi yangu akaenda nayo hadi kwa Bi Greta, naye akaniletea picha za kurasa zote kwa barua pepe.

Kuzisoma hakukunishinda. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo niliingiziwa utotoni kwa bakora. Yalikuwa majina matupu: fulani bin fulani, fulani binti fulani, yamepangwa chini kwa chini, na mbele ya kila jina vistari vidogo vingi. Juu ya kila ukurasa pameandikwa Shaabani. Nikatafakari kutwa nzima, nikaamua kwamba hii ni rejista ya chuo cha Kurani. Mwezi wa Shaabani, nilijiambia, ndipo mwalimu alipohesabu mahudhurio kabla ya kufunga chuo kwa Ramadhani. Nilijumlisha moja na moja nikapata kumi na moja.

Nikaandika ripoti ya kurasa nne. Nilisifu kwamba wasichana walikuwa wengi sawa na wavulana. Nilisifu mahudhurio, kwani hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja aliyekosa. "Nidhamu ya namna hii," niliandika, "haionekani tena siku hizi." Kuhusu mwalimu nilisema kuwa bila shaka alikuwa mwanamume mkali. Bi Greta alifurahi mno. Kijitabu kikawekwa kwenye kabati la kioo, na maelezo yangu pembeni, na jina langu chini yake. Akaomba jambo moja tu: picha ya chuo hicho, au hata ya mahali kilipokuwa.

Jumanne saa moja asubuhi, bandarini Malindi, nilipanda meli nikiwa nimevaa koti na tai, na mkoba wa ngozi mkononi. Ndani ya mkoba mlikuwa na kurasa nilizozichapisha kwa ukubwa, na futi kamba ya kupimia msingi wa chuo. Nilimweleza abiria wa jirani yangu kazi ninayokwenda kufanya, kwa urefu. Tulipofika Nungwi, bahari ikaanza kunijibu kwa niaba yake. Mkondo wa Pemba hauulizi cheo cha mtu. Jirani yangu alinipa ndimu ninuse na akanishikia tai isichafuke, na hotuba yangu ikaishia hapo.

Saa saba mchana tulifunga Mkoani. Nilisimama gatini nikitazama kisiwa cha Makoongwe ng'ambo, si kwa kuvutiwa, bali kwa sababu kilikuwa kitu pekee kilichotulia. Nikapata gari hadi Wete. Njiani dereva aliniuliza Unguja nimewaachaje kabla sijasema natoka wapi, ilitosha nilivyomwamkia. Nililala Wete kwa rafiki yangu wa kazini zamani, ambaye ndiye aliyeniunganisha na mwenyeji wangu.

Jumatano asubuhi mwenyeji huyo alinifuata kwa pikipiki. Ni Maalim Kombo, anayesomesha watoto Kurani hapo Kiuyu, mtu wa makamo, mpole, asiye na haraka ya kusema. Nilimuuliza kama anakijua chuo cha zamani kilichokuwa na wanafunzi zaidi ya thelathini, wake kwa waume. Akafikiri njia nzima.

"Sikijui, mzee," alisema tulipofika. "Lakini nkupeleke kwa Bi Mkasi. Kama kilikuwapo, yeye atakuwa akijua."

Saa nne tulimkuta Bi Mkasi ukumbini kwake, kwenye mkeka, na wanawake wa nyumba wamemzunguka wakipeta mchele. Ilikuwa Shaabani, na Ijumaa ile walikuwa na hitima yao ya kila mwaka, ya kuwarehemu wazee wao. Bi Mkasi ni mkongwe mwembamba, mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Shikamoo, Bi Mkasi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka Unguja."

"Umejuaje?"

"Wavaa tai kuno shamba. Sisi tai twamuona nayo wakili."

Wanawake wakacheka kwenye nyungo zao. Nikacheka nao, nikajikohoza, nikatoa kurasa zangu. Nilieleza habari za maktaba, za sanduku na za rejista, na kwamba natafuta jamaa za wanafunzi hao. Kisha nikasimama wima kabisa, kama mwalimu anayeita majina asubuhi.

"Shaame bin Faki!"

"Mwenyezi Mungu amrehemu," alisema Bi Mkasi.

Nikaona ni bibi mwenye adabu. "Mwanakhamisi binti Shaame!"

"Mwenyezi Mungu amrehemu."

"Khatibu bin Shaame!"

Akamrehemu na huyo, akafumba macho, na kabla sijaufungua mdomo akasema, "Mize binti Khatibu."

Nikatazama karatasi. Jina la nne lilikuwa Mize binti Khatibu.

"Bakari bin Juma," aliendelea. Ndiye. "Na mwanawe mchanga, hakuwahi jina." Na kweli, kwenye karatasi pameandikwa hivyo hivyo, mwana mchanga wa Bakari. Katika ripoti yangu nilikuwa nimemweleza Bi Greta kwamba chuo hicho kilikuwa hata na darasa la watoto wadogo.

"Na Tatu binti Bakari," alisema Bi Mkasi. Hapo akafumbua macho. "Na waliobakia wote. Mwanangu, hichi kitabu cha hitima yetu wakipata wapi?"

Nyungo zilikuwa zimesimama. Maalim Kombo alijifuta uso kwa kitambaa, nadhani ili nisione anavyojizuia.

"Mzee," aliniambia polepole, "hawa si wanafunzi. Hawa ni marehemu. Vistari hivi ni kila mwaka waliosomewa Fatiha."

"Wote?"

"Wote."

"Basi ndiyo maana hapana aliyekosa," nilisema, na hilo ndilo jambo la maana nililolisema siku ile.

Walicheka mpaka bibi mmoja akamwaga mchele. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa nimewaambia Wamarekani kuwa maiti wa Kiuyu wana nidhamu ambayo haionekani tena siku hizi. Nilifikiria kabati la kioo na jina langu chini yake, nikatamani kurudi Mkoani kwa miguu.

Bi Mkasi hakucheka muda mrefu. Alinishika mkono akauliza, "Hapo baada ya Tatu, wako wengine?"

Walikuwapo ishirini na watano. Nikawasoma tena, safari hii nimekaa, kwa sauti ya chini. Kila jina alilisema baada yangu kisha akaliombea. Familia ile ilibakiwa na saba tu kichwani, kwa mpangilio ule ule wa kitabu, kwa sababu ndio waliokuwa wakitangulia kusomwa. Hao wengine walikuwa wakitiwa wote katika "waliobakia". Niliona aibu, na niliona furaha pia, na sikujua ipi niionyeshe.

Nilipomaliza akauliza, "Na Mama Hamadi? Yumo?"

Nikapekua kurasa zote mara mbili. Hakuwamo.

Ndipo akanihadithia. Hamadi alikuwa babu yake, mzaa baba. Mama yake Hamadi ndiye aliyekuwa na kitabu kile. Kurasa zilipoanza kutoka, akampa yule Mzungu wa karafuu akitie jalada, maana alikuwa na mkono mzuri. Vita vikaingia, Mzungu akaondoka ghafla, na kitabu kikaondoka naye. Mama Hamadi akafariki baadaye, pasi na mahali pa kuandikwa.

"Jina lake hasa nani?" niliuliza.

"Ndilo nkuulizalo wewe. Nani kuno amtaje mkubwa kwa jina? Mumewe akimwita Mama Hamadi. Wakweze, Mama Hamadi. Jirani, Mama Hamadi. Waliolijua walikuwa wa rika lake, nao wakamfuata. Kila Shaabani twasema 'na mamaake Hamadi'. Mungu amjua, sina shaka. Lakini mimi moyo wangu nao wachoka, daktari kashanambia. Nataka nimtaje kabla sijatajwa mimi."

Basi hilo ndilo lililopotea: jina lililoliwa na heshima. Hakuna aliyemkosea yule bibi. Walimheshimu mpaka akafutika.

Maalim Kombo alikuwa ameinamia kurasa zangu. "Mzee, wewe mtaalamu," alisema, na sikuhisi dhihaka, jambo lililoniuma zaidi, "hichi kitabu hakina Bismillahi. Chaanzaje jina hivihivi? Ukurasa wa kwanza uko wapi?"

Nilikuwa nimezitazama kurasa zile miezi mitatu bila kuliona hilo. Tukaitafuta picha ya jalada kwa ndani. Kwenye karatasi iliyogandishwa juu ya ngozi, wino ulikuwa umepenya kutoka upande wa pili, mistari ya kivuli. Yule fundi alizoea vitabu vya kwao, vinavyofunguliwa kutoka kushoto. Ukurasa wetu wa kwanza kwake ulikuwa wa mwisho, na ukurasa wa mwisho wa kitabu hugandishwa kwenye jalada. Aliupaka gundi, akaupiga pasi, akauzika kwa ustadi mkubwa.

Saa kumi jioni, ambayo kwao ni asubuhi, nilimpigia Bi Greta nikiwa nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi, ili aibu yangu isisikilizwe na watu. Nilianza na mvua. Nikaenda kwenye hali ya barabara. Mwishowe nikasema: wale wanafunzi wote ni marehemu, walikuwa marehemu tangu wanaandikwa, na chuo hakipo.

"Na darasa la watoto wadogo?" aliuliza.

"Alikuwa mtoto mmoja. Naye pia."

Kisha nikamwomba lililo gumu. Nilijua kwamba jalada lile ndilo lililokifanya kijitabu kihifadhiwe. Kwao, urithi ulikuwa ngozi na mkono wa babu aliyeishona. Nami nilikuwa naomba waibandue kazi ya mkono wake, kwa neno la mtu aliyewapa chuo hewa. Nikamweleza Bi Mkasi na daktari wake. Nikamwambia kwamba jina huenda limo ukurasa wa kwanza.

"Ukurasa wa kwanza," alirudia Bi Greta. Akaniambia kwamba katika masanduku yao kuna Biblia kuukuu nyingi, na kila wanapopokea moja, hawaanzi kusoma maandiko. Hufungua ukurasa wa kwanza, kwani humo ndimo mama wa nyumba alimoandika waliozaliwa na waliokufa. "Sina idhini ya kuamua peke yangu," alisema. "Lazima nimuulize mjukuu wa mwenye sanduku."

Alhamisi nilikaa Kiuyu nikingoja, sina kazi wala heshima. Niliivua tai. Nilipewa kibao cha mbuzi nikune nazi, nikakuna mbili, wanawake wakazikuna upya. Alasiri Maalim Kombo alinipeleka makaburini, akasema, "Mzee, wewe ulitumwa picha ya chuo chao. Ni hapa." Niliomba dua, na futi kamba niliiacha mkobani. Bi Mkasi hakuniuliza kitu siku nzima, ila kila simu yangu ilipolia aligeuza kichwa.

Ijumaa asubuhi, tunakunywa chai kwa mkate wa mofa, ujumbe uliingia. Bi Greta aliandika kuwa mjukuu, bibi wa miaka mingi naye, alikubali bila kufikiri mara mbili. Alisema babu yake alikuwa fundi wa kuokoa vitabu, na angeona haya sana kujua ameufungia mtu mlango kwa gundi. Mtengenezaji wao wa karatasi alikaa na mvuke na kisu cha mfupa kutwa nzima. Chini ya maneno hayo ilikuwapo picha.

Nilimpa Maalim Kombo simu. Nilishajifunza kutosoma kwanza. Aliikuza kwa vidole viwili, akausoma ukurasa kimyakimya, akausoma tena, na macho yake yakajaa maji. Kisha akamsomea Bi Mkasi:

"Bismillahi. Haya ni majina ya wetu waliotangulia. Nimeyakusanya mimi Mwanamvua binti Bakari, kwa mkono wangu, wasisahauliwe. Someni kila Shaabani. Nami nikifa niongezeni hapa."

Chini ya maneno hayo paliachwa nafasi, mstari mmoja mweupe.

Aliyewakusanya wote ndiye peke yake aliyekosa. Mwalimu wangu mwanamume, mkali, alikuwa huyu. Nililia mbele ya watu, mimi niliyewahi kulia mara moja tu kazini, siku kabati la mafaili liliponibana kidole.

"Mwanamvua," alisema Bi Mkasi. Akalirudia tena polepole, kama anayeonja chumvi. Halafu akacheka na machozi yanamtiririka. "Binti Bakari. Kumbe Tatu ni nduguye. Kumbe yule mchanga ni nduguye pia."

Baada ya sala ya Ijumaa, ukumbi ulijaa. Ubani ulifukizwa, juzuu zikagawiwa, nami nikapewa ya tatu, nikaisoma kwa haraka ya Kiunguja mpaka Maalim akanitazama. Ilipofika zamu ya majina, aliwasoma wote thelathini na wawili, mmoja mmoja, na hakuna aliyetiwa katika "waliobakia". Mwishoni akageukia mlango wa ndani walikokaa wanawake. Sauti ya Bi Mkasi ikatoka huko, kavu na ya wazi.

"Na Mwanamvua binti Bakari."

Nyumba nzima ikaitikia kwa Fatiha.

Jumamosi alfajiri nilikwenda kumuaga. Alinifungia mkate wa mofa wa safari na akanishukuru kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa sikuyastahili. Kisha akaniuliza, kwa wema kabisa, "Na wewe, mwanangu, aliyemzaa babu yako akiitwa nani?"

Nikafungua mdomo kwa kujiamini. Nikaufunga.

Saa tano mchana, melini, bahari ilikuwa shwari, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutofikiri. Nilitoa karatasi niandike wafu wangu. Baba, mama, babu wawili. Bibi mmoja kwa jina, mwingine kwa jina la mtoto wake. Juu ya hapo peupe. Miaka yote ile nilitunza majina ya watu kwa maelfu, yamefungwa kwa kamba na kuandikwa namba, na katika hayo yote hamna hata moja la kwangu. Nimejifunza hilo Pemba, na kama lipo jingine, nalo ni kuangalia kama kitabu kina Bismillahi.

Tulipofika Malindi, kabla sijashuka ngazi, nilimpigia shangazi yangu wa Makunduchi, ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Nilimwambia nataka kuja kwake na daftari, aniambie majina ya wazee wetu mpaka mwisho anapofika. Nikasema nitakuja wiki ijayo, nikishapumzika.

"Njoo leo," alisema. "Nnaowakumbuka ni watano. Mwaka jana walikuwa saba."